Kabla Hujasaini Kazi, Uliza Habari ya Mkopo

Hotuba kwa wafanyakazi wa afya ya akili wanaoongea Kiswahili hapa Massachusetts. Nimeiandika vile nilivyoiongea, msitafute sarufi.

Hamjambo wote. Shikamooni wazee, na ndugu zangu wa Kongo na Burundi jambo yenu, karibuni sana, naona wengine bado mmevaa beji za kazini yaani mmetoka shifti mkaja moja kwa moja, asanteni.

Niliambiwa niongee kuhusu kujitunza. Kupumzika, kunywa maji, kupumua. Nikasema hapana, hayo mmeambiwa kwenye semina za kazini mpaka mmechoka, na mtu mwenye deni la dola elfu sitini la masta hapumziki hata umpake mafuta gani. Kwa hiyo leo naongea pesa. Naongea ule mkopo wa shule ambao karibu kila mmoja humu anao na hakuna anayeutaja, hata kwenye grupu zetu za WhatsApp ambapo tunachangia mazishi, harusi na tiketi za ndege, sijawahi kuona mtu ameandika jamani mimi deni la chuo linanimaliza.

Jambo langu ni hili. Msaada wa kulipa mikopo upo na ni wa kweli, lakini haumfuati mtu kwa sababu anafanya kazi nzuri. Unafuata mahali anapofanyia kazi, aina ya mkopo alionao, na karatasi zake za uhamiaji. Watu wawili wanafanya kazi ile ile, wateja wale wale, mtaa mmoja pale Worcester, mmoja baada ya miaka kumi deni limefutwa, mwenzake bado analipa riba, na tofauti yao ni nani anawaandikia cheki. Ndio maana nasema swali la mkopo linaulizwa kabla hujasaini kazi, sio mwaka wa nne ukishaumia.

Kwanza mjue kwa nini hizi pesa zinatolewa, manake wengine wetu tunaona haya kuomba, tunafikiri ni sadaka. Oktoba 1963 Rais Kennedy alisaini sheria ya kujenga vituo vya afya ya akili kwenye jamii, ili watu watoke kwenye yale mahospitali makubwa walikofungiwa miaka na miaka, watibiwe karibu na kwao. Watu walitoka. Vituo vingi havikujengwa, na vilivyojengwa vikakosa wafanyakazi. Mpaka leo watu zaidi ya milioni 120 nchi hii wanaishi kwenye maeneo ambayo serikali yenyewe imeyaandika kwamba wahudumu wa afya ya akili hawatoshi. Na sababu mnaijua, mtu akishapata laiseni yake anaweza kufungua ofisi, achukue wateja wenye bima nzuri au wanaolipa kesh, saa tisa ameenda nyumbani, sasa huyo abaki kituo cha jamii na wateja wa Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, na rundo la kesi na noti za kuandika usiku kwa lipi? Serikali ikaona njia ya kumshika ni deni lake. Kwa hiyo hii ni biashara, wewe unauza miaka yako na wao wananunua. Uza, lakini ujue bei.

Kabla sijaendelea, najua kuna mtu ananiangalia anawaza HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya Kenya. Ndugu yangu, HELB haimo humu. Hakuna programu hata moja ya serikali ya Marekani nitakayoitaja leo itakayolipa deni ulilokopa Nairobi, na ile penalti yao ya shilingi 5,000 kila mwezi bado inatembea huko huko uwe Lowell uwe wapi. Wa Tanzania nao bodi yenu ya mikopo, HESLB, ile ya kukatwa asilimia 15 ya mshahara, angalau ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa inawavimbishia deni ilifutwa 2021, hongereni. Hayo ni ya nyumbani, tutayaongea siku nyingine. Leo ni madeni ya huku.

Tuanze na PSLF, Public Service Loan Forgiveness, yaani kufutiwa mkopo kwa kufanya kazi ya umma, kwa sababu hii ndio inagusa watu wengi zaidi hapa ndani. Ilianzishwa 2007. Haikuulizi una laiseni gani. Haikuulizi kama wewe ni raia, mwenye grini kadi aliyekopa mkopo wa serikali anaingia sawa na mzaliwa wa Boston. Kesi meneja, rikavari kochi yule anayewasindikiza watu wanaoacha ulevi na madawa, mshauri wa uraibu, mtu wa mapokezi, mhasibu wa kituo, yule anayelala grupu homu na vijana usiku kucha, wote. Inachotaka ni hivi: mwajiri wako awe serikali au shirika lisilo la faida lenye ile hadhi ya kodi inayoitwa 501(c)(3), ufanye angalau saa 30 kwa wiki, mkopo wako uwe ule wa serikali unaoitwa Direct, uwe kwenye mpango wa malipo unaokubalika, halafu ulipe mara 120. Mara 120 ni miaka kumi, na sio lazima ziwe zimefuatana, ukiacha kazi mwaka mzima ukalee mtoto ukarudi, zile ulizolipa zinabaki kwenye hesabu. Ukifika 120 kilichobaki kinafutwa na hudaiwi kodi ya serikali kuu juu yake.

Wengine mmesikia kwamba ni uongo, hakuna anayepata. Hilo lina historia yake. Watu wa kwanza kutimiza miaka kumi walikuwa 2017, wakatuma maombi, wakakataliwa karibu wote, 99 kwa 100. Mmoja mkopo wake ni wa aina isiyokubalika, mwingine mpango wa malipo sio, mwingine fomu imekosa sahihi ya mwajiri, na miaka yote kumi hakuna aliyewaambia, ile kampuni ya kukusanya mkopo inapokea pesa tu. Kelele zikapigwa, 2021 wakalegeza masharti kwa mwaka mmoja, na toka hapo waliofutiwa wamepita milioni moja. Kwa hiyo inafanya kazi, ila haimsamehei mtu asiyesoma fomu.

Sasa hapa kwa mwajiri ndipo watu wetu wanaanguka. Sisi Wakenya tunajuana, nani humu hajawahi kufanya kazi kwa ejensi? Ejensi inakupa dola mbili tatu zaidi kwa saa, inakupeleka hospitali ya shirika lisilo la faida, unafanya pale pale, unakula kantini ile ile, wagonjwa ni wale wale, wewe unajiona mfanyakazi wa hospitali. Lakini cheki inatoka ejensi na ejensi ni kampuni ya biashara. Mwezi huo hauhesabiwi. Na ule mwingine. Na miaka yote. Vile vile hizi kampuni za grupu homu na za kuhudumia watu majumbani, zingine tumezifungua sisi wenyewe na nawapongeza, lakini ni za biashara, hata kama pesa yake yote inatoka Medicaid bado ni za biashara. Na wale wa kulipwa kwa 1099, yaani kama mtu aliyejiajiri, nyinyi kabisa hamna mwajiri wa kujazia fomu. Njia ya kujua ni rahisi, chukua W-2 yako, ile karatasi ya kodi mwajiri anayokupa kila mwaka, kuna namba ya mwajiri inaitwa EIN, ingia studentaid.gov, kuna mahali pa kutafutia waajiri, andika ile namba, itakwambia ndio au hapana. Dakika tano. Na kama bado hujaajiriwa, waombe HR wakupe hiyo namba kwenye intavyu, hawatashangaa, na wakishangaa hilo nalo ni jibu.

Na wenye kazi mbili, ambao ni nusu ya ukumbi huu, kuna habari njema kwenu. Kama hapa una saa 16 na kule una saa 16, na wote wawili ni waajiri wanaokubalika, zinajumlishwa, una 32, umepita. Ila kila mmoja ajaze fomu yake. Na fomu ijazwe kila mwaka, usingoje miaka kumi, manake vituo vinafungwa, vinaunganishwa, bosi anahama, utamtafuta nani 2034 akusainie kwamba ulikuwepo?

Tuweke na hesabu kidogo, mtu asiseme nimemwongelesha maneno matupu. Chukua mtu mwenye familia ya watu wanne, anapata dola 58,000 kwa mwaka, ana deni la 60,000 kwa riba ya asilimia 7 hivi. Akilipa ule mpango wa kawaida wa miaka kumi ni karibu dola 700 kila mwezi, na mwisho wa miaka kumi amemaliza yote mwenyewe, PSLF haina cha kumfutia. Lakini akiwa kwenye ule mpango wa IBR, wa kulipa kulingana na kipato, kwa waliokopa mara ya kwanza kuanzia Julai 2014, analipa asilimia 10 ya kile kinachozidi mara moja na nusu ya kiwango cha umaskini, na kwa hesabu ya mwaka 2025 inakuja kama dola 81 kwa mwezi. Themanini na moja! Kuna watu humu wanalipa mia saba kila mwezi kwa nidhamu kabisa, hawakosi hata siku moja, na wako kwenye kituo kinachokubalika. Nidhamu hiyo ingekaa vizuri kwenye akaunti ya watoto.

Halafu kuna sheria mpya iliyosainiwa Julai 4, 2025, naomba hapa simu zishuke chini. Kuanzia Julai 1, 2026 mkopo mpya wa serikali una mipango miwili tu, wa kawaida na mwingine mpya unaoitwa RAP. Yule mtu wetu wa dola 58,000 kwenye RAP anakatwa asilimia 5 ya mapato yote, hakuna kutoa kwanza kile kiwango cha umaskini, halafu anapunguziwa dola 50 kwa mwezi kwa kila mtegemezi. Akiwa na watoto wawili inakuja kama dola 142. Bado inahesabiwa PSLF, sawa, lakini ni zaidi. Na mtego uko hapa: ukiwa na mikopo ya zamani halafu ukachukua mpya hata mmoja mdogo baada ya hiyo tarehe, ya zamani nayo unaivuta huku, IBR unaiaga. Kwa hiyo wewe mwenye digrii unayetaka kurudi kufanya masta ya ustawi wa jamii, piga hesabu kwanza, uliza kama kituo chako kinalipia sehemu ya karo, uliza kama kuna skolashipu ya mafunzo ya vitendo, manake ule mkopo wa Grad PLUS uliokuwa unajazia kila pengo umefutwa kwa wanafunzi wapya, na masta za kawaida zimewekewa kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Pesa inayobaki ya karo ya chuo cha bei mbaya utaitoa wapi? Utaenda benki, na mkopo wa benki PSLF haiujui kabisa.

Ndio nifunge hapo hapo la kurifainansi. Mtu anakupigia simu anakwambia nitakushushia riba, hamisha mkopo wako kwetu. Ukihamisha mkopo wa serikali kwenda kampuni binafsi umetoka, na hakuna mlango wa kurudia. Wale wanaotoza pesa eti wakufanyie maombi ya kufutiwa, kata simu, fomu zote ni bure.

Sasa twende kwa NHSC, National Health Service Corps, programu ya serikali kuu ya kuwalipia mikopo wahudumu wa afya. Hii ni nyingine kabisa. PSLF unangoja miaka kumi, hii pesa inakuja mwanzoni. Kwa watu wa afya ya akili ni mpaka dola 50,000 kwa miaka miwili ya kazi ya muda wote. Ukiwa kwenye tiba ya uraibu kuna programu yake, mpaka 75,000 kwa miaka mitatu, na ukienda vijijini kwenye vituo vya uraibu kuna ya mpaka 100,000 kwa miaka mitatu. Kodi ya serikali kuu hakuna. Na hii, tofauti na PSLF, inakubali hata mikopo ya benki ilimradi ilikuwa ya masomo yaliyokupa hiyo taaluma, kwa hiyo wale mliokuja na viza ya wanafunzi mkakopa kwa kampuni binafsi, hapa ndipo pa kwenu.

Lakini. Lazima uwe raia. Grini kadi haitoshi. Nimeona watu wanajaza maombi usiku kucha, insha zote, barua zote, halafu wanafika pale kwenye uraia wanakwama. Ndugu zangu mliokuja kama wakimbizi, mwaka mmoja baada ya kufika unaomba grini kadi, na miaka mitano ya kungojea uraia inahesabiwa toka siku ile uliyoingia, sio siku uliyopokea kadi. Wengi mmeshapita muda huo na N-400, fomu ya kuomba uraia, imekaa tu kwenye droo kwa sababu ada ni ghali au mnaogopa mtihani wa historia. Mimi nawaambia kwa mtu mwenye laiseni ile fomu inaweza kuwa na thamani ya dola elfu hamsini.

La pili, laiseni. Wanataka mtu anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Na hapa Massachusetts tuna mkanganyiko wetu, kwenye majimbo mengine LCSW ndio laiseni kamili ya ustawi wa jamii, kwetu LCSW ni ngazi ya chini, kamili ni LICSW, unaipata baada ya saa 3,500 za kusimamiwa. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa simu kutoka Texas kwamba yeye ni LCSW amepata, usifikiri na wewe wa Lowell utapata. Kesi meneja, rikavari kochi, mfanyakazi wa afya ya jamii, nyinyi kwenye hii programu ya kawaida hammo, nyinyi ni PSLF na zile za jimbo nitakazokuja kuzisema.

La tatu, kituo chenyewe kiwe kimesajiliwa nao. Kinatakiwa kipokee Medicaid na Medicare, ile bima ya wazee, kiwe na bei ya kushuka kulingana na kipato, kisimfukuze mtu kwa kukosa pesa, na kiwe kwenye eneo lenye upungufu. Kila eneo lina alama, kwa afya ya akili ni kutoka 0 mpaka 25, na pesa zinagawiwa kuanzia alama za juu kushuka chini mpaka ziishe. Kwa hiyo vituo viwili vyote vimesajiliwa, kimoja kina 19, kingine 11, kazi ile ile, mshahara ule ule, wa 19 ana nafasi nzuri zaidi kwa mbali. Hiyo alama iko wazi, mtu yeyote anaweza kuitafuta. Ukienda intavyu uliza, kituo hiki ni cha NHSC, na alama yake ya afya ya akili ni ngapi? Mtu wa HR akikodoa macho, mwambie taratibu utamsubiri aulize.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye mkataba wake, kwa sababu hapa ndipo ninapowaogopea. Pesa yote inaingia kwenye akaunti yako kwa mkupuo. Elfu hamsini, siku moja. Na sisi tunajua jinsi hela ya namna hiyo inavyosikika mpaka Kisumu, mpaka Bukavu, kabla hata wewe hujaiona. Kuna shangazi ana operesheni, kuna kiwanja cha bei poa, kuna mdogo wako karo. Hiyo pesa sio yako. Ni ya mkopo, lazima iende kwenye mkopo na uonyeshe risiti, usipoonyesha huwezi kuomba kuongezewa miaka mingine. Usimwambie mtu. Mimi hata mume nilimwambia baada ya kuilipa.

Na ukivunja mkataba je? Sikilizeni hesabu. Umesaini miezi 24, mwezi wa 14 bosi amekuudhi ukaondoka. Umebakiza miezi 10. Kwanza unarudisha ile sehemu ya hiyo miezi 10, dola 20,833. Halafu juu yake dola 7,500 kwa kila mwezi ambao hukufanya, hiyo ni 75,000. Jumla ni karibu elfu 96, na riba bado. Ulipewa hamsini! Ni kama yale mahari ya zamani, ndoa ikivunjika wazee wanakuja kudai ng'ombe wao pamoja na ndama wote waliozaliwa zizini kwako. Kwa hiyo kabla ya kusaini kaa pale kituoni kwanza, muone huyo bosi akiwa na njaa na akiwa na stresi, uliza waliofanya pale wameondoka kwa nini. Na kituo kikifungwa au ukiachishwa kazi sio mwisho, unaweza kuhamia kituo kingine kilichosajiliwa, ila uwaandikie mapema na wakukubalie kabla ya kuhama, usihame kwanza halafu ndio uombe.

Kingine ni safari. Mkataba unasema saa 40 kwa wiki, wiki 45 kwa mwaka. Yaani siku ambazo huruhusiwi kuzidisha nje ya kazi ni wiki saba, ambazo ni siku 35 za kazi, na humo ndani kuna likizo, ugonjwa, sikukuu, semina, kila kitu. Kwa Mmarekani wiki saba ni nyingi mno, hajui atazipeleka wapi. Kwetu sisi? Baba akifariki unaenda nyumbani, mwili uko mochwari, familia inakutana, kamati ya mazishi, kuna watoto wa mama mkubwa wanangojwa kutoka Dubai, mazishi yenyewe, kisha matanga au arobaini, ukirudi umekula mwezi. Mtoto akiumwa mwaka huo huo umeisha. Ukizidisha haimaanishi umevunja mkataba hapo hapo, kuna utaratibu wa kuomba mkataba usimamishwe kwa muda kwa sababu ya ugonjwa, uzazi au mambo ya familia, halafu unafidia mbele, lakini unaombwa kwa maandishi na mtu akiwa kwenye msiba hana akili ya kuandika barua. Andika hiyo barua leo, iache kwenye imeili, siku ikifika unajaza tarehe tu.

Sasa jimbo letu. Massachusetts ilianzisha MA Repay mwisho wa 2022, na 2023 karibu watu 3,000 waligawiwa zaidi ya dola milioni 140, inasimamiwa na ule umoja wa vituo vya afya vya jamii, Mass League. Uzuri wake ni kwamba haikuishia kwa madaktari, ilishuka mpaka wafanyakazi wa afya ya jamii na rikavari kochi, mahali ambapo serikali kuu mara nyingi haishuki. Mkataba wa kazi ya muda wote ulikuwa miaka minne. Zinafunguliwa kwa raundi na muda wa kuomba ni mfupi, unasikia leo, wiki chache zimefungwa, na ndio maana tunataka watu wetu wawe na makaratasi tayari: barua ya mkopo inayoonyesha salio, barua ya kazi, nakala ya laiseni kama unayo. Majimbo mengine yana zake, wenye ndugu Washington waambieni kuna Washington Health Corps, ina upande wa afya ya akili.

Kuna kitu kinaniuma na nitakisema maana waajiri wengine mko hapa. Hii NHSC mwaka 2024 ilianza kutoa nyongeza ya mpaka dola 5,000 kwa mtu anayethibitisha anajua Kihispania vizuri. Sina ubaya na hilo, wateja wa Kihispania ni wengi na wanastahili. Lakini mwanangu wa Kongo anayefanya kesi pale Worcester kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa, akimaliza kesi zake anaitwa chumba cha pili akatafsiri, anaitwa kwa daktari wa meno akatafsiri, anapigiwa simu Jumapili mtu yuko emajensi anataka kujiua na hakuna mwingine anayemwelewa, huyo nyongeza yake ni asante sana wewe ni wa maana kwetu. Asante hailipi riba. Serikali kuu hatuwezi kuibadilisha leo jioni, lakini nyinyi wakurugenzi mnaweza. Sheria inamruhusu mwajiri kulipia mfanyakazi mkopo wa shule mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila mfanyakazi kukatwa kodi ya mapato ya serikali kuu, na hiyo ilikuwa ya muda toka 2020, sheria ya 2025 ikaifanya ya kudumu. Kama kituo chako kinamtegemea mtu mmoja kwa lugha tatu, anzia hapo. Hata dola mia mbili kwa mwezi. Na usajili kituo chako NHSC kama kinafaa, kuna vituo vinafaa na havijawahi kuomba, wafanyakazi wanakosa na hawajui kwa nini.

Na nyinyi wafanyakazi, ukiombwa kutafsiri kila siku iandikwe kwenye maelezo ya kazi yako. Ukienda kuomba MA Repay au chochote, iwe kwenye barua ya bosi kwamba wewe ndio unahudumia wazungumzaji wa Kiswahili. Isiandikwe tu kwamba ni mtu mchangamfu.

Nimeulizwa pale mlangoni, je ukiwa NHSC huwezi kuwa PSLF? Unaweza. NHSC haitaki uwe na mkataba mwingine wa kutumikia kwa wakati ule ule, na PSLF sio mkataba, huna deni la kazi kwa mtu, ni hesabu ya malipo tu. Kwa hiyo mwenye deni kubwa, tuseme laki moja na ishirini, anachukua hamsini ya mwanzo, anashusha deni, anaendelea kulipa kidogo kidogo kwenye kituo kile kile, miezi inahesabiwa. Mwenye deni la elfu arobaini na laiseni kamili na uraia, huyo NHSC peke yake inammaliza kwa miaka miwili, hana haja ya kungoja kumi. Na yule asiye na laiseni wala uraia ana mkopo wa serikali na kazi kwenye shirika lisilo la faida, huyo asiende kokote, ajaze fomu ya mwajiri wiki hii.

Pale nyuma kuna meza tatu. Ya kushoto ni PSLF, mje na W-2 na mjue neno la siri la studentaid.gov, sio kuja kuanza kulitafuta. Ya katikati ni NHSC na laiseni, hapo nitakaa mimi. Ya kulia kuna wakili wa uhamiaji amejitolea kuangalia fomu za N-400 bure mpaka saa mbili usiku, na foleni yake naona imeshaanza kabla sijamaliza kuongea, kwa hiyo niachie hapo, chai iko tayari, mwenye swali la watu wote aulize sasa hivi kabla hatujatawanyika.